Mwandiko Juu ya Jeneza

Jirani yangu alilitupa jina la Mwenyezi Mungu sakafuni mbele ya macho yangu, na aliyelishona jina hilo ni mimi. Tulikuwa sebuleni kwake Northfield. Bendera ilianguka kiupandeupande, ile sehemu nyekundu juu ya zulia, na yale maandishi ya kijani niliyoyapiga cherehani asubuhi nzima yakajikunja karibu na mguu wa meza.

Niliinama upesi nikaiokota, nikayabusu maandishi, nikaiweka kichwani, kama tulivyofunzwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kufanya msahafu ukituponyoka. Kisha hasira zikanipanda. Mtu amefiwa, sawa, majonzi yana mambo yake, lakini kuna vitu havitupwi.

"Mama," nikamwambia, "unajua umetupa nini?"

"Najua," akasema. "Wewe ndiye hujui umeshona nini."

Ilikuwa mwaka wa Kombe la Dunia la Ujerumani. Mimi ni Msomali wa Kenya, nimekulia Garissa na Eastleigh, na kabla ya kuhamia Birmingham nilikaa Uholanzi muda mrefu kiasi cha kujifunza kuendesha baiskeli nikiwa na buibui. Wakati huo nilikuwa nashona bendera katika karakana moja Hockley, ghorofa ya juu, chini yetu kuna sonara. Tulikuwa mafundi wawili, mimi na mama mmoja Mkongo wa Bukavu, na tajiri wetu Mwingereza aliyekata vitambaa mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu yeyote na mkasi. Tulishona bendera za kila taifa, za makanisa, za vilabu, na utepe wa mabibi harusi kazi ikipungua.

Bendera zenye herufi za Kiarabu zilikuwa zangu. Kabla sijaja, waliwahi kushona ya Saudia, maandishi yakaangalia nyuma, mteja akairudisha bila kusema neno. Tajiri aliposikia nimesoma chuo tangu utotoni, alinikabidhi kazi hiyo siku hiyohiyo, nami nikaringa. Sikuficha kuringa kwangu. Pale karakanani nilikuwa peke yangu niliyejua kinachosemwa na kile kitambaa.

Huyo jirani alikuwa mama wa Kiiraki, ukuta wake na wangu ni mmoja. Mimi nilimwita mama, yeye aliniita binti yangu, tukizungumza Kiingereza chetu cha kuungaunga na Kiarabu changu cha chuoni, ambacho alikicheka kwa sababu niliomba chumvi kama mtu anayehutubia Ijumaa. Sikukuu aliniletea biskuti za tende, mimi nikampelekea mahamri.

Mumewe alikuwa mwalimu wa historia huko kwao Baghdad. Hapa alipakia mizigo kwenye bohari mpaka mgongo ukamgomea. Alipojua kwamba nashona bendera, alinifanya mwanafunzi wake. Nikianika nguo uani, naye yuko upande wake na gilasi ya chai nyeusi, basi somo limeanza. Nyeusi ni ya Waabbasi, waliotawala kutoka mji wake. Nyeupe ni ya Banu Umayya wa Dameski, waliochinjwa na hao hao Waabbasi. Kijani ni cha ukoo wa Ali na wale Wafatimiya walioujenga mji wa Kairo. Nyekundu ni ya masharifu wa Makka waliowaasi Waturuki katika vita vya kwanza vya dunia, yaani juzi tu, kwa hesabu zake.

"Watakwambia nyekundu ni ushujaa na nyeupe ni ukarimu," alisema. "Mimi naona koo nne zilizouana, zimeshonwa pamoja ili zinyamaze."

Nilishtuka, maana kadi ya rangi tuliyowapa wateja wetu ilisema hivyohivyo, ushujaa na ukarimu, na mimi nilikuwa nimeisomea watu kwa sauti ya kujiamini kabisa.

Nyota tatu za kijani za bendera yao alizicheka waziwazi. Zilikuwa za ndoto, alisema, Iraki na Misri na Syria ziwe nchi moja. Nyota zilishonwa, muungano wenyewe haukufanyika, na baadaye mtawala akatangaza kwamba nyota hizo ni nguzo tatu za chama chake. Akifika kwa huyo mtawala, mzee humwaga chai iliyobaki kwenye majani na kuingia ndani. Nilidhani ni baridi.

Ninachokumbuka zaidi ni ile siku, miaka miwili nyuma, walipotangaza kwenye televisheni bendera mpya ya Iraki, nyeupe tupu, na mistari ya buluu chini. Nilisikia kishindo kupitia ukuta wetu. Mzee alikuwa ametupa rimoti. Bendera ile ilikataliwa na watu wake kabla haijapanda mlingoti, ile ya zamani ikabaki, ila mwandiko wa takbiri, Allahu Akbar, katikati ya nyota ukabadilishwa, ukawa wa konakona. Mimi nilifikiri ni mambo ya mtindo tu. Hata benki yetu hapa ilikuwa imebadilisha herufi zake mwaka huo.

Mzee akafariki hospitali, moyo. Jioni ile mkewe alibisha mlango wangu, macho makavu, akaniomba nimshonee bendera ya kufunika jeneza.

"Hana ndugu hapa," alisema. "Hata watu wa kwetu aliwakwepa, hakujua nani anampelekea nani habari. Nataka watakaomwona wajue ana kwao. Asiingie ardhini kama mtu aliyeokotwa barabarani."

Nilimwambia hilo aniachie mimi. Nikalibeba kwa moyo wote.

Karakanani tulikuwa na karatasi ngumu mbili za kuchorea takbiri ya Iraki, ya zamani na ya mpya. Nilizilaza mezani nikazitazama kwa jicho la mtu wa chuoni. Ile mpya niliiona kama imejengwa kwa matofali. Ile ya zamani ilikuwa ya mkono, alifu imesimama vizuri, kafu imelala kwa raha, mwandiko wa mtu aliyechapwa na mwalimu hata akanyooka. Mkongo akaniuliza nachagua ipi. Nikamwambia, hii, hii ndiyo ya kumfunika mzee wa watu. Nikachora, nikakata, nikashona, na wakati wa chakula cha mchana nikapanda basi la Bristol Road kuipeleka, maana maziko yalikuwa kesho yake baada ya adhuhuri na nilitaka aione mapema.

Na sasa ilikuwa kichwani kwangu, imetoka sakafuni.

"Huo ni mwandiko wake," mama akasema. Akamtaja yule rais wao wa zamani, ambaye siku hizo tulimwona kwenye habari, kizimbani, shati jeupe bila tai, akimnyooshea hakimu kidole. "Aliandika kwa mkono wake mwenyewe, mwaka wa vita vya Kuwait, akaamuru uwekwe kwenye bendera. Kwetu hakuna asiyeujua. Unafikiri kwa nini wameubadilisha?"

Nilihisi kichwa kinapata moto pale kitambaa kilipogusa. Nikakishusha.

"Lakini maneno ni ya Mungu," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Maneno ni ya Mungu. Aliyeyaandika ndiye aliyemchukua mwanangu."

Nilikuwa nimekaa ukuta mmoja na mwanamke huyu miaka yote, tumegawana tende na pilipili na malalamiko kuhusu takataka zisizochukuliwa, na sikujua aliwahi kuzaa. Walimchukua chuo kikuu, alisema, alikuwa na miaka ishirini na miwili. Hawakurudishiwa mwili wala viatu. Ndiyo sababu waliondoka, na ndiyo sababu mzee hakupenda kumtaja yule mtu, hata kwa mwanafunzi wake wa uani.

"Binti yangu," akasema, kwa upole sasa, na ule upole ulinichoma kuliko kutupa kwake. "Sitaki mkono huo juu yake. Bora aende na blanketi la hospitali."

Nilikunja bendera, nikaiweka kifuani, nikatoka. Nikapanda basi la kurudi mjini. Nje, kila dirisha la Bristol Road lilikuwa na bendera ya Uingereza, kila gari lina mbili, watoto wamejichora msalaba mwekundu usoni. Watu walijifunika nchi yao bila hata kufikiri. Niliwaonea wivu, nikawakasirikia, nikajiona mjinga kwa kuwakasirikia.

Mkongo aliniona ninavyoingia akazima cherehani. Nikamweleza. Nilitegemea atashangaa, kama mimi nilivyoshangaa, maana yeye ni Mkristo, maandishi yale kwake ni michoro tu. Hakushangaa.

"Mi najua ile kitu," akasema. "Kwetu ilikuwa mu kikwembe, mu kitenge. Sura ya prezida, hapa ku tumbo, na nyuma ku matako. Mama yangu alikuwa anavaa ile siku za fête, anaimba, anacheza. Na ule prezida njo aliua kaka yake."

"Akaivaa?"

"Sasa angefanya je? Dada yangu, angebaki uchi?" Akavuta kiti akakaa karibu nami. "Lete kisu. Tufumue."

Hapo ndipo niligoma. Kushona jina la Mungu ni jambo moja. Kulifumua, herufi kwa herufi, kwa kisu? Nilimwambia siwezi, vidole havitaki. Akanitazama kwa subira kidogo tu, maana subira yake haikuwa nyingi, akasema kama mimi siwezi atafumua yeye, lakini yeye hajui wapi jina linaanza. Nikaona aibu. Nikatawadha kwenye sinki la karakana, tajiri akinishangaa kupitia kioo cha ofisi yake, nikarudi, nikaomba msamaha kwa Mola wangu kwa sauti, nikaanza.

Kufumua herufi zilizopigwa zigizaga ni kazi mbaya. Uzi hukatika vipande vidogovidogo vinavyonata kila mahali. Mkongo alishika kitambaa, mimi nikakata. Kila herufi iliyotoka niliiweka kwenye mfuko safi wa kitambaa ili niizike baadaye pahali pasipokanyagwa. Tulifika kwenye herufi ya mwisho karibu na saa kumi, na nilikuwa nimelowa jasho mgongoni kama mtu aliyetwanga. Nikapangusa vipande vya uzi. Nikainua bendera juu, kuelekea dirishani, niione kama imetakata.

Mwandiko ulikuwa palepale.

Sindano ilikuwa imetoboa kitambaa, kila mshono tundu lake, na mwanga wa dirisha ukapita kwenye matundu yale yote. Alifu imesimama, kafu imelala. Kila mpindo wa mkono wa yule mtu ulikuwa umeandikwa kwa mwanga. Mkongo alijivuta nyuma akafanya ishara ya msalaba. Mimi nilikaa chini, si kwenye kiti, chini kabisa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, nikaanza kulia kwa hasira. Huyu mtu, nikasema, hata umng'oe haondoki?

Tulijaribu pasi ya mvuke. Tulisugua kwa kucha. Kitambaa cha bendera ni cha nailoni ngumu, kikitobolewa kimetobolewa.

Hakukuwa na njia ila kutoa upande mzima mweupe na kuweka mwingine, kwa bahati bendera yenyewe ni pande tatu zilizounganishwa. Nikaenda kwa tajiri kuomba kitambaa cheupe. Akanionyesha rafu kwa mkono. Nyeupe imekwisha, akasema, imekwisha tangu juzi, bendera za England zimeimaliza yote, na mzigo mwingine ni wiki ijayo. Nikamwambia nahitaji kipande tu cha kumfunika maiti. Alisikitika, namshuhudia kwa hilo, akatafuta mpaka chini ya meza yake, akaja na mabaki ambayo hayangefunika hata mto.

Nilimpigia simu mama nikamwambia ukweli wote, pamoja na matundu. Akasema kitambaa kipo, ataleta asubuhi.

"Nitakuja kukichukua," nikasema. "Wewe uko eda, mama, usitoke."

"Na nani mwingine atatoka?" akasema, akakata simu.

Asubuhi akaja. Alipanda zile ngazi za karakana akiwa amevaa nyeusi toka juu mpaka chini, akishika ukuta, na mimi niliposikia hatua zake nilisimama mzima nikashika kichwa. Kwetu mjane haonekani nje hata akiitwa na jirani, akae ndani miezi minne na siku kumi, na huyu amekuja Hockley kwa basi mumewe hajazikwa. Mkongo akamkimbilia, akamkalisha, akampa chai, wakashikana mikono bila lugha. Mama akafungua mfuko wa plastiki akatoa kitambaa cha pamba, cheupe, kilichokunjwa vizuri.

"Kimebaki kwenye sanda," akasema.

Sikuweza kukigusa mara moja. Nilizoea kufikiri kwamba sanda ni ya huko, na bendera ni ya huku, na kati yake kuna jeneza. Nilimtazama Mkongo, naye alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mama akanisukumia kitambaa.

"Shona," akasema. "Muda unakwenda."

Nikashona. Pamba haikai sawa na nailoni, inavutwa, inakunjamana, ukiilazimisha inakukomoa. Nilifunga pindo la nyekundu, nikafunga la nyeusi, mama amekaa pembeni ya cherehani anaangalia sindano inavyokwenda. Nilipomaliza nikamwambia naweza kuwahi ama takbiri ya konakona ama nyota, si vyote, achague.

"Acha hivyohivyo," akasema.

"Bila kitu?"

"Alipoondoka kwao maneno hayakuwapo. Na nyota alizicheka maisha yake yote. Acha peupe, kila mtu amekwisha andika pale."

Nilipunguza nyuzi zilizoning'inia, nikapiga pasi, nikaikunja. Nilijisikia nimefanya kazi njema. Nataka hilo lijulikane, kwamba nilitoka karakanani nikijisikia vizuri, fundi aliyeokoa jambo, kwa sababu dakika chache baadaye nilitamani ardhi inimeze.

Tulimwendea mzee kwenye msikiti mmoja upande wa Balsall Heath, penye chumba cha kuoshea maiti. Mkongo alikuja pia, amejifunga kitambaa kichwani kiasi cha kunizidi mimi. Walikuwa wamemaliza kumwosha. Jeneza lilikuwa uani, juu ya benchi, na waliosimama karibu nalo walikuwa mwosha maiti, dereva wa gari, na mtu wa kufagia. Basi. Mama aliuangalia ua ule mtupu, akautazama tena, akanipa ishara. Tukaitandaza bendera, mimi upande wa kichwa, yeye upande wa miguu. Mwosha maiti alisema jambo hilo si sunna. Mama akamwuliza kama ni haramu. Akasema hapana, si haramu. Mama akanyoosha pindo.

Nikarudi nyuma hatua kadhaa kuiangalia, kama ninavyofanya na kila bendera kabla haijatoka.

Nyekundu, nyeupe, nyeusi.

Ile haikuwa bendera ya Iraki. Ilikuwa bendera ya Yemen. Nilikuwa nimeshona za Yemen nyingi mno, Birmingham ina Wayemeni wake wa miaka mingi na sikukuu hazipiti bila oda yao, na ni bendera rahisi kuliko zote kwa sababu haina kitu: walipoungana kaskazini na kusini waliacha peupe patupu. Misri wana tai wao, Syria nyota, Iraki nyota na takbiri. Wote walikata rangi hizo kutoka kwa wanajeshi wa Misri waliompindua mfalme wao, wote ndugu. Ukitoa alama ya Iraki, unabaki na Yemen. Mzee angenieleza hilo kwa sentensi moja, gilasi ya chai mkononi. Na mimi, fundi wa bendera, niliyeringa kwa kusoma, nilikuwa nimehangaika na mkono wa yule mtu hata nikamvika jirani yangu nchi isiyo yake.

"Iko nini?" Mkongo akaninong'oneza. "Unakuwa mweupe."

Wanaume walikuwa wameanza kuingia kwa swala ya adhuhuri, mmoja mmoja, wakitoka kwenye maduka ya barabara ile. Mzee mmoja mwenye koti na kilemba cha miraba alisimama ghafla mbele ya jeneza. Alishika pindo la bendera kwa vidole viwili, taratibu. Akamwuliza mwosha maiti jambo, yule akainua mabega. Mzee akatoa simu mfukoni. Kiarabu chake kilikuwa cha kasi, lakini nilipata ya kutosha: kuna maiti wetu hapa, hana watu, njooni.

Wakaja. Walikuja na aproni za buchani, na vumbi la unga, kijana wa teksi ameacha gari mlango wazi. Waliswali adhuhuri, wakamswalia maiti, na nilipochungulia kutoka upande wa wanawake ua ulikuwa umejaa, wengine wamesimama barabarani kwa kukosa nafasi. Nilisikia takbiri nne kutoka kwa watu wote wale. Nilikuwa na hofu, nasema kweli. Niliona ninakaribia kuumbuka, mimi na mama pamoja, mbele ya maiti.

Baada ya swala yule mzee alikuja hadi tuliposimama, akainamisha macho kwa heshima, akampa mama pole. Akasema wanasikitika hawakumjua marehemu alipokuwa hai, ni aibu yao, mtu wao kuishi mji huu bila wao kujua. Kisha akauliza marehemu alikuwa wa upande gani, Taiz, au Ibb, au Aden?

Nilifungua mdomo. Nilikuwa tayari kusema yote, mwandiko, matundu, sanda, kosa langu, na kuomba radhi kwa nchi mbili. Mama akanishika mkono akaubana mpaka nikahisi mfupa. Alikuwa ameitazama bendera ile, na nikaona usoni kwake kwamba ameielewa, pengine tangu uani. Mwanamke huyu, asiyekubali herufi moja ya mkono usiostahili, ambaye jana alitupa jina la Mungu sakafuni, alimtazama yule mzee wa Yemen machoni.

"Ni wenu," akasema. "Mchukueni."

Mzee akageuka akawapungia wenzake, na mabega yakawa mengi kuliko nafasi chini ya jeneza. Gari la maiti lilikuwa limefunguliwa nyuma likisubiri, lakini hawakumtia ndani. Walimbeba kwa miguu wakatoka naye barabarani, wakipokezana, na dereva akawafuata polepole nyuma.